Barua ya wazi kwa viongozi wa kilimo: mshare, maabara ya Tengeru na chipukizi la jirani

Uru, Moshi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Wakurugenzi wa Halmashauri za wilaya zinazouzunguka Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru. Na Wakuu wa taasisi za utafiti wa kilimo.

Yah: Kuufikisha mche wa mshare kihambani kwa njia iliyo wazi na yenye mtu wa kuulizwa

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika nikiwa mkulima wa Uru, katika kihamba kisichofika ekari moja na nusu nilichokabidhiwa na mama mkwe wangu mwaka 1996, chenye migomba, kahawa, magimbi na mifuruanje mitatu ya kivuli iliyopandwa kabla sijazaliwa. Nimeamua kuiandika barua hii wazi badala ya kuipeleka ofisi moja, kwa sababu jambo ninalolieleza limegawanyika katika ofisi nyingi, na kila ninapoliuliza kwenye moja huelekezwa kwenye nyingine.

Jambo lenyewe ni hili. Mshare, mgomba wetu wa ndizi za kupika, unakufa vihambani, yaani katika mashamba yetu ya nyumbani. Elimu ya kuuokoa inatafutwa Tengeru, mwendo usiozidi saa mbili kwa basi kutoka stendi ya Moshi, na kwa miaka mingi sasa imetafutwa na watu wenye bidii. Lakini kati ya chupa ya maabara na shimo la mgomba hakuna mtu anayewajibika. Kila tunapolisikia neno bioteknolojia katika nchi yetu, mazungumzo huishia kwenye swali la kuikubali au kuikataa GMO, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba, ilhali bioteknolojia iliyokwisha kuingia mashambani mwetu, yaani mche wa tishu kalcha uliozalishwa ndani ya chupa, inaingia bila lebo, bila maelekezo na bila wa kuulizwa unapokufa.

Niruhusuni nianze na mgomba wenyewe, maana huenda baadhi yenu mnakutana nao kwenye taarifa tu. Ugonjwa wa panama, ambao wataalamu huuita mnyauko fuzari, huanza kwenye jani la chini. Kingo zake hugeuka manjano, manjano hayo huelekea kwenye uti wa jani, kisha kikonyo huvunjika na jani huning'inia likiegemea shina. Baada ya wiki chache mgomba unakuwa umevaa majani makavu kuanzia kiunoni kwenda chini, huku jani changa la katikati likiwa bado limesimama wima na ukijani wake. Ukiuangusha na kulipasua shina karibu na tunguu, utakuta nyuzi za kahawia zenye wekundu zikipanda juu. Hizo ndizo njia za maji ambazo kuvu imeziziba. Mkungu, kama ulikuwa umekwisha kutoka, hubaki na vidole vyembamba visivyojaa. Nimepasua mashina ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nautambua mgomba mgonjwa nikiwa bado njiani.

Kuvu hiyo hukaa udongoni kwa miongo. Hakuna dawa ya kupulizia inayoimaliza, na kulipumzisha shamba kwa miaka mitatu au minne hakuisumbui. Huhama na udongo ulioganda kwenye jembe na buti, huhama na maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, na zaidi ya yote huhama na chipukizi. Hapo ndipo panaponiuma. Katika ukoo wetu chipukizi la mgomba haliuzwi kwa jirani. Kijana akijenga, wazazi na majirani humletea machipukizi begani, kila mmoja la aina anayoisifia, na hivyo ndivyo kihamba kinavyoanza. Mshare wangu wa kwanza nilipewa na mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe. Kati ya mwaka 2008 na 2015 nami nikawapa machipukizi wifi zangu wawili na majirani wasiopungua sita, yote yakionekana mazima, maana chipukizi lililotoka kwenye tunguu lenye ugonjwa laweza kukaa miezi bila dalili yoyote. Leo wote wanaulilia mshare. Siwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka kwangu, lakini siwezi pia kuilala usingizi hoja hiyo.

Kwa msomaji asiye wa huku naomba nieleze kwa nini tunaulilia mshare na si ndizi nyingine. Mshare ndio mtori wa mzazi, ule anaonyweshwa mama aliyejifungua asubuhi na jioni hadi nguvu zirudi. Ndio machalari ya msibani, na ndio ndizi ya kwanza kupondewa mtoto anayeanza kula. Una ndizi ndefu, nyororo, inayoiva upesi jikoni na kulainika bila kuwa na uzi. Mtwike hauwezi kuifanya kazi hiyo, wala kimalindi. Mkungu wa mshare uliokuwa ukipatikana kila kihamba, siku hizi tunaukuta soko la Mbuyuni kwa bei ambayo mama aliyetoka kujifungua hawezi kuimudu kila siku, na mara nyingi tukimuuliza muuzaji unatoka wapi, hatutajiwi Uru wala Kibosho.

Mwaka 2019 nilisikia kwamba kuna miche safi ya mshare iliyozalishwa maabara. Nikauza mbuzi wawili na kununua miche 40 kwa shilingi 3,000 kila mmoja kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, kwa sababu sikusudii kumshitaki mtu mmoja kwa kosa ambalo ni la mfumo mzima. Miche ililetwa kwenye kreti, kila mmoja kwenye kifuko cheusi cha plastiki, majani yakiwa laini kama ya mchicha. Hapakuwa na lebo. Hapakuwa na karatasi. Miche 11 ilikauka ndani ya mwezi wa kwanza, na baadaye nilikuja kuelewa kwamba haikuwa imezoeshwa jua na upepo kwa muda wa kutosha kabla ya kuuzwa. Mingine 9 ilipotoa mkungu ikajulikana kuwa ni mtwike. Iliyobaki 20 ilikuwa mshare kweli, na kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa mtu mwenye furaha kubwa, nikiwaita wanawake wenzangu waje kuona. Kufikia mwaka wa tatu, 14 kati ya hiyo ilikuwa imegeuka manjano.

Nilikwenda kuuliza nikiwa na hasira, nikidhani niliuziwa miche yenye ugonjwa. Mtafiti mmoja kijana alinikalisha chini, akanieleza kwa uvumilivu jambo ambalo lilipaswa kuandikwa kwenye kila kifuko. Maabara huchukua ncha ya chipukizi, kipande kidogo kuliko punje ya harage, ikakisafisha na kukiweka kwenye chupa yenye rojo la sukari, madini na homoni za mmea. Ncha hiyo huzaa vichipukizi, navyo hukatwa na kugawanywa tena na tena, hata chipukizi moja likatoa mamia ya miche ndani ya mwaka mmoja. Kwa kuwa ncha ilitoka kwenye mgomba mzima na haikugusa udongo, mche hutoka bila kuvu na bila minyoo ya mizizi. Lakini mche safi si mche wenye ukinzani. Ni mshare uleule wa bibi yetu, wenye udhaifu uleule, na ukipandwa kwenye udongo wenye kuvu utaugua kama wenzake. Tena huingia udongoni bila vijidudu rafiki ambavyo chipukizi la kawaida hutoka navyo kwa mama yake, hivyo siku za mwanzo huwa dhaifu zaidi. Aliniambia pia kwamba ncha ikigawanywa mizunguko mingi kupita kiasi, baadhi ya miche hubadilika tabia, na ndiyo sababu maabara makini huweka ukomo wa mizunguko. Miche yangu iligawanywa mizunguko mingapi? Mshare mama ulitoka kihamba gani? Nani aliupima virusi? Hakuna aliyeweza kunijibu, kwa sababu hakuna aliyetakiwa na mtu yeyote kuandika.

Waheshimiwa, sisemi teknolojia hii ni mbaya. Kama ningelielezwa mwaka 2019 kwamba niipande kwenye ile sehemu ya juu ya kihamba ambayo haijawahi kuwa na mshare, na nisiingie huko na jembe lililotumika sehemu ya chini bila kuliosha, huenda leo ningekuwa na migomba 20. Kilichonitia hasara ni ukimya uliofuatana na mche.

Jibu la kudumu linatafutwa kwa njia nyingine, nayo ni kuuboresha mshare wenyewe. Nimebahatika kuona kazi hiyo Tengeru, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, ina kituo katika viwanja vya Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela na inashirikiana na watafiti wetu wa TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Asubuhi na mapema, umande ukiwa haujakauka, mtu hupanda ngazi kwenye mgomba na kusugua chavua ya mgomba wa porini, ule wenye ndizi zilizojaa mbegu lakini wenye ukinzani, kwenye maua ya kike ya mgomba unaolimwa. Mkungu unapokomaa hupasuliwa kidole kwa kidole kutafuta mbegu, na mara nyingi mikungu mingi hupasuliwa bila kupata hata moja, maana ndizi tunazokula zilichaguliwa na wazee wa wazee kwa sababu hazina mbegu. Ikipatikana, mbegu hiyo nayo haioti vizuri udongoni. Lazima kiini chake kitolewe kwa kisu kidogo na kulelewa kwenye chupa. Afueni iliyopo ni kwamba mshare una seti mbili tu za kromosomu, wakati matoke na mtwike ina tatu, hivyo si mgumu kuzalishwa kama hiyo. Hata hivyo, kutoka siku ya chavua hadi mkulima apewe aina mpya hupita zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2021 nchi yetu ilitoa aina chotara nne kwa jina la TARIBAN, na ni hatua ya kujivunia, lakini hizo ni za jamii ya matoke. Mshare bado unasubiriwa.

Mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake hawezi kuiita uhuni wa Wazungu, kama nilivyosikia ikiitwa kwenye mkutano mmoja wa kijiji. Wala hawezi kukubali kwamba jasho la miaka kumi na tano liishie kwenye kreti isiyo na lebo.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kulifanya jambo hili vizuri. Lyamungu, wilayani Hai, utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, na taasisi ya TaCRI iliyopo hapo leo ndiyo iliyotutolea kahawa chotara zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Wazee wetu walikuwa wakipulizia mrututu msimu mzima na bado buni ikageuka nyeusi mtini. Chotara zilipotoka, hazikuachwa zitafute njia zenyewe. Vikundi vya wakulima vilisaidiwa kuanzisha bustani mama vijijini, wakafundishwa kukata na kuotesha vikonyo, na mkulima aliyechukua mche alijua mche huo umetoka bustani ya nani. Mche ukifa, unajua mlango wa kubisha hodi. Mimi mwenyewe nina miti ya kahawa chotara iliyotoka kwenye bustani ya namna hiyo, na sijapulizia dawa ya chulebuni tangu nilipoipanda. Ninachoomba kwa mshare ni kile kile mlichokwisha kukifanya kwa kahawa. Na ninauliza kwa heshima kama mshare umechelewa kwa sababu kahawa ni zao la kuuza nje na mshare ni chakula cha akina mama na watoto.

Sheria za kufanya hivyo zipo. TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, inakagua mbegu, na vipando vya muhogo tayari vinakaguliwa na kuthibitishwa mikononi mwa wakulima wazalishaji wa vijijini. Kama pingili ya muhogo inaweza kuwa na cheti, mche wa mgomba nilioununua kwa shilingi 3,000 ungeweza pia. Lebo ninayoiomba si kitabu: jina la aina, maabara iliyozalisha, tarehe ya kutoka chupani na tarehe ya kumaliza kuzoeshwa, kama umepimwa virusi, na sentensi moja kwa Kiswahili inayosema iwapo aina hiyo ina ukinzani au haina. Sentensi hiyo moja ingeniokolea mbuzi wawili na miaka mitatu.

Sasa niseme kuhusu GMO, kwa kuwa najua nisipoigusa nitaambiwa nimeikwepa. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwezi Novemba 2018 Serikali ikaagiza majaribio yasitishwe. Kabla ya hapo, kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 zilimbebesha mwenye teknolojia dhima ya madhara hata pasipo uzembe, na mwaka 2015 zikalegezwa kwa ajili ya utafiti. Maamuzi yote hayo yalifanywa kwa ajili yetu wakulima, na kwa sehemu kubwa tuliyasikia redioni baada ya kufanyika. Sijui mkulima hata mmoja wa kijijini kwetu aliyewahi kuitwa kuulizwa, wala aliyeelezwa kwa lugha yake kile kilichoonekana Makutupora, kizuri au kibaya. Wakati huohuo majirani zetu wanaendelea. Kenya waliweka marufuku mwaka 2012, wakaiondoa Oktoba 2022, na mahakama zao zimekuwa zikilibishania jambo hilo tangu hapo. Na kutoka Holili kwenda Taveta hakuna ukuta. Uganda wameijaribu shambani, kwa ulinzi maalumu, migomba iliyopandikizwa vinasaba vya pilipili hoho ili kupambana na mnyauko wa bakteria, ule uliowatesa ndugu zetu wa Kagera. Australia, Februari 2024, iliidhinisha mgomba wa jamii ya Cavendish uliopewa kinasaba kutoka kwa ndizi pori ili uhimili aina kali zaidi ya panama.

Ombi langu hapa si kwamba mkubali au mkatae kesho asubuhi. Ninaomba msiuhukumu mgomba kwa kesi ya mahindi. Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo hadi shamba la jirani asiyetaka, na hoja hiyo ni nzito kwa wanaotunza mbegu zao. Mgomba tunaoula karibu hauna mbegu. Hausafiri kwa upepo. Lakini unasafiri kwa mkono, na hapa naona hatari ambayo sijasikia ikijadiliwa na upande wowote. Mgomba wa namna hiyo ukiingia kihamba kimoja, ndani ya miaka mitano utakuwa umegawiwa kijiji kizima kwa mapenzi mema, bila karatasi, na hakuna atakayejua upi ni upi. Kwa hiyo mkiamua kwamba usiingie, lazima kijiji kijue sababu. Na mkiamua uingie, lazima kijiji kiwe kimejua kabla ya chipukizi la kwanza kutoka ardhini. Kwa vyovyote vile, uamuzi hauwezi kulindwa na askari wa mpakani. Utalindwa na akina mama wenye kuelewa wanachogawana.

Burkina Faso inatupa somo jingine. Pamba yao yenye vinasaba vya kuua viwavi ilifanya kazi yake dhidi ya wadudu, lakini nyuzi zake zikawa fupi kuliko zile zilizowapa jina sokoni, na mwaka 2016 wakaiacha. Waliipima kwa kiwavi kabla ya kuipima ipasavyo kwa mnunuzi. Mshare mpya, uwe wa chavua au wa maabara, usipopikika mtori si mshare. Ninajua watafiti wetu huwashirikisha wakulima kuonja, na nawapongeza. Naomba tu wanaoonja wawe wale wanaopika, na waulizwe mapema, wakati bado kuna miche mingi ya kuchagua, siyo mwishoni ikiwa imebaki miwili.

Kuna jambo linalonipa hofu kuliko ugonjwa. Kwa mujibu wa sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, mwenye kugundua aina mpya anaweza kupewa haki ya kuizalisha na kuiuza peke yake kwa miaka mingi, na nchi yetu ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda haki hizo, UPOV, mwaka 2015. Siipingi haki ya mgunduzi kulipwa. Lakini mshare uliopelekwa maabara ulitoka kihambani. Ulichaguliwa na kutunzwa kwa vizazi na wanawake ambao hawakuandika majina yao popote, na utafiti wa kuuboresha unafanywa kwa fedha za umma na za wafadhili. Ikija siku mama mkwe akimpa mkwewe chipukizi la mshare ulioboreshwa, je, atakuwa amevunja sheria? Naomba jibu la maandishi, kabla ya aina hiyo kusajiliwa, kwamba mshare wowote unaotokana na migomba ya vihamba vyetu na kuzalishwa kwa fedha za umma utabaki huru kwa mkulima kuupanda na kumpa jirani bila kulipia wala kuomba ruhusa. Mtu akitaka kuuzalisha kwa maelfu kibiashara, hilo ni jambo jingine, na alipie.

Pamoja na hayo, aina za zamani zisitupwe kwa sababu mpya zinakuja. Mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hapa hapa Uru, ulitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Urithi huo ni watu na mimea yao, na mimea yenyewe inapungua mbele ya macho yetu. Huti, aina ya mgomba tuliyoifahamu utotoni, siku hizi naikuta kihamba kimoja kati ya vingi ninavyopita. Mtafiti wa mbegu atakayetafuta kinasaba fulani miaka 30 ijayo atakuja kuuliza migomba hii iko wapi, na jibu lisiwe kwamba ilikatwa kulishwa ng'ombe.

Kuhusu simu na mashine za kutambua magonjwa nitasema kidogo tu. Watafiti wa Nelson Mandela wamepiga maelfu ya picha za majani na mashina ya migomba na kuifundisha kompyuta kutofautisha mgomba mzima na wenye panama au madoa meusi. Ni kazi njema, na vijana wetu wenye simu janja wataitumia. Lakini simu ikishamwambia mkulima kwamba mgomba wake una panama, nani anakuja? Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na tumeziona pikipiki mpya za maofisa ugani. Tunashukuru kwa dhati. Ofisa wetu wa kata hufika tukimwita, na ni mtu mwema, ila alinikiri kwamba hajawahi kupewa mafunzo hata ya siku moja juu ya miche ya tishu kalcha, naye husoma mtandaoni kama mimi.

Na muda si mwingi kama tunavyodhani. Panama inayoua mshare wetu ni ile ya zamani, iliyouangamiza mgomba wa Gros Michel katika mashamba ya Amerika ya Kati karne iliyopita. Ipo nyingine kali zaidi, TR4, isiyouacha hata mtwike ambao wengi wetu tumeukimbilia, na mwaka 2013 iligunduliwa katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, nchi tunayopakana nayo kwa Mto Ruvuma. Inaweza kuja kwenye buti la mgeni aliyetoka kutembelea shamba. Mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, ina makao yake Arusha, karibu yetu kabisa. Naomba ije vijijini kutufundisha kuosha zana na kutambua dalili kabla haijafika, kwa kuwa ikishafika kitakachobaki ni kuhesabu visiki.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba msimu wa mvua za masika zijazo usipite bila kuwa mmekaa meza moja, wizara, mikoa, halmashauri, TOSCI, TPHPA na watafiti wa Tengeru, mkaamua nani anawajibika kwa mche wa mgomba kuanzia chupani hadi unapotoa mkungu wa kwanza, na jina la ofisi hiyo likabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji. Ninaomba kila kata ya mlimani ipate bustani mama moja ya mshare, kwenye udongo uliopimwa na kuonekana hauna kuvu, chini ya kikundi cha wanawake, kama ilivyokuwa kwa kahawa. Na kabla ya uamuzi wowote mpya kuhusu vinasaba, mje mkae nasi mchana kutwa, mkiwa na matokeo ya Makutupora yaliyoandikwa kwa Kiswahili.

Kwa upande wangu, sehemu ya juu ya kihamba changu, hatua 30 kwa 20, haijawahi kupandwa mshare tangu nikabidhiwe. Nimeizungushia masale, na watoto wameambiwa wasiingie na jembe la chini. Naitoa kwa majaribio ya aina yoyote ya mshare mtakayoona inafaa, kwa sharti moja tu: nielezwe kila kinachofanyika, na majirani zangu waruhusiwe kuja kuona. Migomba sita iliyosalia kati ya ile 40 bado imesimama, na miwili ina mkungu. Mtafiti yeyote anayetaka kujua kwa nini haikufa na wenzake anakaribishwa kuchukua udongo na vipande vya tunguu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa kihamba, Uru